Kura Kabla ya Karata: Kupanga Meza ya Dominion kwa Simu

Mwenye sanduku asichague karata. Huo ndio msimamo wangu, na kila ninayemkaribisha mezani kwangu hapa Mamboleo huusikia kabla hajavuta kiti. Mchezo wa Dominion una karata nyingi kuliko zinazochezwa kwa mara moja, kwa hiyo kila mara lazima iamuliwe zipi zitoke na zipi zibaki. Akiamua yule aliyezizoea, hata awe mwaminifu kiasi gani, mkono wake utaelekea kwa zile anazojua kuzitumia. Wageni watashindwa bila kujua wameshindwa wapi, na Jumamosi ijayo utasikia wana shughuli.

Simu huondoa tatizo hili, mradi itumiwe kwa utaratibu. Nitaeleza ninavyofanya mimi, tangu kuandaa orodha hadi marundo yakiwa mezani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ulibuniwa na Donald X. Vaccarino, ukatolewa mwaka wa 2008 na kampuni ya Rio Grande Games, na mwaka wa 2009 ukashinda tuzo ya Spiel des Jahres kule Ujerumani. Kila mchezaji huanza na karata kumi zilezile dhaifu: Copper saba, ambazo ni pesa, na Estate tatu, ambazo ni ardhi ya kuhesabiwa alama mwishoni. Unashika tano, unatumia, unaziweka kando, unashika tano nyingine. Kila zamu unanunua karata mpya kutoka katikati ya meza na inaingia kwenye jozi yako, ije ikurudie mkononi baadaye. Aliyejijengea jozi nzuri ndiye anayeweza kununua Province, ardhi ya sarafu nane yenye alama sita. Province zikiisha, au marundo matatu yoyote yakiisha, mchezo umekwisha.

Katikati ya meza kuna pesa na ardhi, ambazo ziko kila siku, na marundo kumi ya karata za ufalme, ambazo hubadilika. Toleo la pili la sanduku la kwanza (yapo pia masanduku ya nyongeza, yenye karata nyingine) lina aina 26 za karata za ufalme. Ukichagua kumi kati ya hizo, kuna michanganyiko 5,311,735. Hakuna familia itakayoimaliza.

Sandukuni mna karata za kupigia kura, moja kwa kila aina: unazichanganya, unafunua kumi. Kama una sanduku moja na simu haina chaji, zitumie bila wasiwasi. Ila ukishakuwa na masanduku mawili au matatu, kuzitafuta, kuzichanganya na kuzirudisha kila moja kwenye nyumba yake kunakula muda ambao mngekuwa mnacheza.

Programu iliyo tayari, au jedwali lako

Programu za nasibu za mchezo huu zipo kadhaa mtandaoni, na nyingi ni za bure. Unaziambia una masanduku yapi, unabonyeza, zinakupa karata kumi. Jambo moja tu la kuangalia mapema: toleo. Mwaka wa 2016 sanduku la kwanza lilifanyiwa mabadiliko. Karata sita ziliondolewa, nazo ni Adventurer, Chancellor, Feast, Spy, Thief na Woodcutter. Saba ziliingia: Artisan, Bandit, Harbinger, Merchant, Poacher, Sentry na Vassal. Programu ikidhani una toleo la zamani itakuitia Thief, nanyi mtafukua sanduku zima mkitafuta karata ambayo haimo. Weka alama kwenye toleo lako kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi natumia jedwali langu mwenyewe. Kazi yangu ni ya hesabu. Kutwa nzima naingiza tikiti za mizani ya miwa kwenye kompyuta, kwa hiyo mkono umezoea. Lakini hata asiyewahi kufungua Excel au Google Sheets ataliweza kwa jioni moja. Faida yake kubwa ni kwamba likishahifadhiwa kwenye simu halihitaji bando, na stima ikipotea katikati ya maandalizi, kama inavyopotea huku kwetu mvua ikianza, simu inaendelea.

Safu ya kwanza andika jina la karata. Ya pili, sanduku inakotoka. Ya tatu, bei yake. Ya nne, kazi yake kwa neno moja: pesa, kuvuta, shambulio, kinga, ardhi, kufuta (yaani kutoa karata mchezoni). Safu ya tano andika =RAND() kwenye mstari wa kwanza, kisha iburute hadi mstari wa mwisho. Kila karata itapata namba ya desimali kati ya 0 na 1. Chagua jedwali lote ulipange kwa kufuata safu hiyo ya tano. Majina kumi ya juu ndiyo ufalme wenu wa leo.

Ukishapanga utaona namba za safu ya tano hazijafuatana, kana kwamba jedwali limekosea. Halijakosea. RAND hupiga namba upya kila jedwali linapoguswa, lakini majina hayasogei mpaka upange tena. Nakili yale kumi uyabandike kwenye ukurasa mwingine, ili mtoto akichukua simu na kuibonyezabonyeza msipoteze orodha.

Kuna anayesema jedwali la nini, si atoe tu namba kati ya 1 na 26 mara kumi? Afanye hivyo, halafu ahesabu. Takribani mara 86 kati ya 100 atapata angalau namba moja iliyojirudia, na hapo ataanza kuruka na kurudia kwa kukadiria. Programu iliyoandikwa vizuri haitupi namba namna hiyo. Huchanganya orodha nzima. Njia yake ilielezwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka wa 1938, kwa kalamu na karatasi, na mwaka wa 1964 Richard Durstenfeld akaiandika kwa namna inayofaa kompyuta: chukua jina la mwisho, libadilishane nafasi na jina lililochaguliwa kwa nasibu katika orodha, hata likiwa lenyewe, kisha rudi nyuma hatua moja na ufanye vivyo hivyo kwa yaliyobaki. Kila jina linapata nafasi sawa, na hakuna linalotokea mara mbili.

Kabla ya kubonyeza, kubalianeni

Hapa ndipo penye uzito wa mambo yote, na hapa ndipo meza nyingi huharibika.

Programu nyingi hukuruhusu kuweka masharti: lazima iwepo karata ya kinga, kusiwe na mashambulizi, bei zichanganyike. Kwenye jedwali pia unaweza: ukipanga na kumi za juu hazitimizi sharti, unapanga tena. Masharti si mabaya. Shida ni wakati yanapowekwa. Sharti lililotajwa kabla ya kubonyeza ni la kila mtu, kwa kuwa hakuna anayejua litamfaa nani. Sharti linalozuka baada ya karata kuonekana ni la mtu mmoja, hata akilivalisha sababu nzuri namna gani.

Shemeji yangu aliwahi kuona Witch kwenye orodha akasema, "Aa, hiyo hapana. Bonyeza tena." Mwalimu, jirani yetu mstaafu ambaye hupenda kiti cha karibu na dirisha, akafunika simu kwa kiganja.

"Omera, hii Witch ulikuwa umeikataa saa ngapi?"

"Mwalimu, si nimeiona sasa hivi tu?"

"Basi utaicheza sasa hivi tu."

Shemeji akacheka, tukacheza, na tangu hapo hakuna anayeomba kura irudiwe nyumbani kwangu.

Kumbuka hoja ya shemeji haikuwa ya kipuuzi. Witch inagharimu sarafu tano. Inakuvutia karata mbili na kumpa kila mpinzani Curse, karata ya kutoa alama moja ambayo pia inajaza mkono bila faida. Kinga yake kwenye sanduku la kwanza ni Moat. Ukipiga kura kati ya zile 26, Witch itatokea bila Moat karibu mara moja katika kila mara nne. Kama mna mtoto mezani, au mgeni anayecheza kwa mara ya kwanza, hiyo ni mara nyingi mno. Semeni mapema: leo Witch ikija bila Moat, tunapiga tena. Kubonyeza mara ya pili kwa sharti mlilolitaja ni haki. Kubonyeza kwa sababu uso wa mtu umekunjamana si haki.

Sharti lingine linalopendwa sana ni la vitendo. Karata nyingi za ufalme ni vitendo, na kwa kawaida unacheza kitendo kimoja kwa zamu. Village na Festival zinakupa viwili zaidi. Zote mbili zitakosekana takribani mara 37 kati ya 100, na wengi huona meza ya namna hiyo imeharibika. Mimi sikubaliani nao. Meza bila Village inawafundisha watu kucheza kwa pesa: nunua Silver, nunua Gold, chomeka Smithy, kitendo cha kukuvutia karata tatu, moja au mbili, usijaze jozi vitendo ambavyo vitakwama mkononi vikigombania nafasi moja. Anayekaza kamba ya pesa huku wenzake wakijenga majumba ya karata humaliza akiwa mbele mara nyingi. Ukiweka sharti kwamba Village lazima iwepo, somo hilo hamtalipata kamwe.

Kwa hiyo kwangu sharti la kudumu ni moja, nalo ni la bei: angalau karata tatu za sarafu nne kwenda chini, na angalau moja kati yake iwe ya tatu au chini ya hapo. Sababu ni hesabu ya zamu mbili za mwanzo. Jozi yako ya kwanza ina Copper saba, nazo zinagawanyika mikono miwili. Mara tano kati ya sita utapata tatu mkono mmoja na nne mkono mwingine. Mara moja kati ya sita utapata tano na mbili. Kama karata karibu zote za mezani ni za tano na sita, watu wanne watakaa wakinunua Silver na Silver, na mchezo utaanza ukisinzia. Kila sharti unaloongeza juu ya hilo linapunguza idadi ya meza zinazowezekana, na baada ya muda kila Jumamosi itafanana na iliyopita.

Wenye misimamo mikali wana njia ya kuridhika bila kuvunja kura. Piga kura ya karata kumi pamoja na idadi ya wachezaji: watatu, kumi na tatu, wanne, kumi na nne. Zisomwe zote kwa sauti. Kisha kila mtu anafuta moja, akianza mdogo kwa umri. Hakuna kujieleza wala kumbembeleza mwenzako akufutie. Zinabaki kumi. Binamu yangu anayeendesha matatu hufuta Militia kila mara ikitokea, kwa kuwa hapendi kupunguziwa mkono hadi karata tatu, na hiyo ni haki yake.

Masanduku ya nyongeza

Ukichanganya masanduku mengi kwenye orodha moja, kura itakupa karata moja hapa, mbili pale, na mtatumia nusu ya jioni kueleza sheria za karata ambazo zimekuja peke yake. Chukua masanduku mawili tu kwa kila mchezo, tano kutoka hili na tano kutoka lile. Kwenye jedwali, panga kwa safu ya sanduku kwanza, kisha kwa RAND, uchukue tano za juu za kila kundi.

Baadhi ya masanduku yana jambo ambalo kura ya karata kumi haiwezi kulimaliza. Prosperity, la mwaka wa 2010, lina Platinum, pesa ya thamani ya tano, na Colony, ardhi ya alama kumi. Zinaingia mezani zote mbili au haziingii kabisa, na uamuzi ni kura nyingine: chagua kwa nasibu moja kati ya zile karata kumi, ikiwa inatoka Prosperity, ziingie. Kwa hiyo mkigawana tano kwa tano, nafasi ni nusu kwa nusu. Mkiziweka, Colony zikiisha mchezo nao unaisha. Alchemy ina karata zinazolipiwa kwa Potion. Ikitokea hata moja, rundo la Potion lazima liwepo. Lakini moja peke yake ni hasara, maana mtu ananunua Potion kwa ajili ya kitu kimoja. Hakikisheni ziwe tatu hadi tano, au zisiwepo. Na Young Witch wa Cornucopia anadai rundo la kumi na moja, la karata ya sarafu mbili au tatu, ambayo ndiyo kinga dhidi yake. Endelea kushuka chini ya orodha uliyokwisha kuipanga, chukua ya kwanza yenye bei hiyo.

Kutandaza

Simu ikae katikati ya meza, kioo juu, kila mtu aone. Anayebonyeza ni aliyeshika mkia mchezo uliopita. Mtu mwingine anasoma majina kuanzia bei ya chini, mwingine anatoa marundo. Mimi huhifadhi kila aina kwenye bahasha ya kaki yenye jina na bei kwa kalamu nene, zimesimamishwa kwa alfabeti kwenye katoni ya viatu. Huku karibu na ziwa karata zisizovishwa hunasana kwa unyevu, kwa hiyo zivishe ukiweza, na kama mnacheza kibarazani jioni, weka kitu kizito juu ya kila rundo. Samaki iliwe kwanza, mikono ioshwe kwa sabuni, ndipo bahasha zifunguliwe.

Tandazeni marundo kwa mistari miwili ya tano tano, bei za chini mstari wa mbele, za juu nyuma. Kila rundo la ufalme lina karata 10. Gardens ni tofauti, na wengi hupitwa na jambo hili kwa kuwa programu hutaja jina tu bila idadi: Gardens ni ardhi, kwa hiyo inahesabiwa kama ardhi zote, 8 mkiwa wawili, 12 mkiwa watatu au wanne. Estate, Duchy na Province ni vivyo hivyo, na zile Estate tatu za kila mchezaji hutolewa kwanza, hazimo kwenye hesabu hiyo. Curse ni 10 kwa wawili, 20 kwa watatu, 30 kwa wanne. Copper, Silver na Gold ziwekeni zote.

Kisha mpeni kila mtu dakika mbili za kuzisoma zile kumi kimya. Mgeni aulize lolote, na ajibiwe karata inafanya nini. Asiambiwe anunue ipi.

Mchezo ukiisha, rudi kwenye jedwali uongeze safu ya sita. Mbele ya kila karata iliyochezwa weka x. Hii inasaidia hasa mkiwa na mtu anayejifunza na mnataka azione karata zote mapema. Mchezo wa pili, panga kwa safu ya x kwanza, kisha kwa RAND: zenye x zitakaa juu na zisizo na x chini yake, mchukue kumi za kwanza zisizo na x. Baada ya hapo zitabaki sita ambazo bado hazijaonekana. Mchezo wa tatu hizo sita zinaingia moja kwa moja, na nne za kujazia zinapigiwa kura kati ya zile ishirini zenye x. Zikiisha zote, futa safu nzima ya x uanze upya.